Kompyuta Nyuma ya Pazia

Siku ya nane ya eda yake, Mwanahija aliagiza aletewe kompyuta ya marehemu chumbani, na Kivinje ikapata la kusema.

Wapo waliosema huzuni imempanda kichwani. Wapo waliosema, kwa sauti ya upole, kwamba mjane anataka tu kukaa karibu na kitu kilichoshikwa na mikono ya mumewe. Bakary, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, hakusema na watu. Alikuja mwenyewe saa nne asubuhi, akasimama nje ya pazia la mlango wa chumba, kama impasavyo mwanamume asiye maharimu wa mwanamke aliye edani, akakohoa mara mbili.

"Shemeji."

"Abee, shemeji."

"Nimeambiwa unataka kompyuta ya Issa."

"Nimeshaipata. Ipo juu ya meza ya cherehani."

Pazia lilikuwa la kitambaa cha buluu, zito, na chini yake Mwanahija aliona vidole vya miguu ya shemeji yake vikijikunja ndani ya kandambili.

"Ya nini kompyuta kwenye nyumba ya msiba?"

"Ya kazi."

"Kazi gani, na wewe umekaa eda?"

"Nimekaa eda, shemeji. Sikukaa bure."

Vidole vilijikunja tena, vikageuka, vikaondoka.

Kwa miaka kumi na sita Issa alikuwa na banda la video nyuma ya soko. Jioni watu walikaa kwenye mabenchi wakatazama tamthilia za nchi za mbali zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Mchana walimletea flashi awawekee sehemu za kwenda kutazama nyumbani. Tamthilia zenyewe alizinunua kwa msambazaji wa Dar es Salaam, diski ikija kwa basi kila mwezi pamoja na karatasi yake ya kibali. Lakini kilichowavuta watu kilikuwa kichwa chake. Mtu akija akasema, "Issa, niwekee pale nilipoishia," Issa hakuuliza ni wapi. Alimtazama usoni kama anayesoma, akachomeka flashi, akaweka. Hakukosea.

Mwanahija alikaa mlangoni. Aliuza visheti na karanga, akawanyamazisha wenye kelele, akawatoa wenye fujo. Tamthilia zote alizijua, ila alizijua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Kompyuta hakuigusa, isipokuwa kuipangusa vumbi.

Kisha mwishoni mwa Mfungo Tano homa ya siku tatu ikamchukua Issa, akaondoka na kichwa chake.

Siku ya hitima Bakary alitamka mbele ya ukoo. Banda limesimama kwenye kiwanja cha ukoo. Mjane hawezi kukaa usiku kucha na wanaume na mapicha. Siku Mwanahija atakapotoka eda, Edwin wa Lindi, mwenye mabanda yake mawili ya mpira, atakuja kuichukua kompyuta, na kiwanja kitajengwa ghala la ufuta. Shemeji atatunzwa na ukoo, hatalala njaa. "Na ile kompyuta," alisema Bakary, "bila Issa ni sanduku lililopotelewa na ufunguo. Nani atajua kilichomo?"

Mwanahija aliyasikia yote akiwa ndani. Kilichomuuma hakikuwa ghala. Kilimuuma kwamba lile neno la ufunguo lilikuwa kweli. Ndiyo maana siku ya nane akaiagiza kompyuta, akaiwasha, akafungua alimokuwa akifungua Issa. Majina yakashuka kama mvua. Elfu mbili na mia nne na kitu. Hayakuwa na mpangilio wowote aliouona. Alizima, akakaa na mikono mapajani, kanga yake nyeupe imemfika vidoleni.

Hapo ndipo alipomkumbuka Nikodemo.

Nikodemo alikuwa fundi wa kompyuta kule mjini Masoko. Mwaka uliopita alifika bandani kubadilisha feni, akamwambia Issa kuna programu ya kupanga tamthilia: unaionesha zilipo, yenyewe inazisoma, inaziweka kwa misimu na sehemu, inakwambia ipi unayo na ipi huna. Issa alicheka, akajigonga paji la uso. "Programu ninayo hapa," alisema. Mwanahija, mlangoni, alicheka naye. Sasa alichukua simu.

Nikodemo alikuja kwa bodaboda siku ya pili yake, akaishia pale pale alipoishia Bakary, nje ya pazia. Ndani, kwenye mkeka, alikaa Bi Somoe, jirani, mwanamke wa miaka sabini ambaye tangu msiba uanze alikuwa haondoki isipokuwa kwenda kuswali, na hata hapo alirudi mbio asije akapitwa.

"Shikamoo, bibi," Nikodemo alisalimia kitambaa.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi. Mama Mwanahija, pole sana kwa msiba. Sasa, kazi yenyewe ni ya dakika tano. Ningeingia tu mara moja, niweke, nitoke."

"Uingie wapi?" Bi Somoe alidakia. "Ukiingia humu dakika tano, Kivinje itakuoza kabla ya adhuhuri. Una mahari?"

Nikodemo alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye. "Basi nitaifanyaje, na kompyuta iko huko?"

"Utasema," Mwanahija alisema. "Mimi nitafanya."

"Mama, umewahi kushika kipanya?"

"Nimewahi kukipangusa."

Flashi yenye programu iliingia chumbani juu ya kisosi cha chai, Bi Somoe akikisukuma chini ya pazia kama anayemhonga paka. Mwanahija aliichomeka. Ilikataa. Akaigeuza, ikaingia.

"Sasa utaona kisanduku kinakuuliza," ilisema sauti ya Nikodemo. "Kimeandika nini?"

Mwanahija alikuwa na darasa la saba, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha maboksi ya dawa na magunia ya mchele. Alisoma herufi moja moja, Nikodemo akaziunga kule nje, akamwambia maana yake, naye akaiandika kwa penseli kwenye daftari. Inauliza kama una hakika. Inauliza nani mwenye kompyuta. Inauliza ikae wapi.

"Iambie ikae hapa hapa," alisema Bi Somoe. "Isije ikaenda Lindi."

"Bonyeza kitufe cha kuendelea, mama. Kipo chini kulia."

"Chini kulia kipo cha kughairi."

"Cha kughairi usikiguse!"

"Sikigusi. Nakwambia kilipo."

Mshale ulikuwa mkaidi. Aliusogeza kidogo ukaruka, akauvuta ukajificha pembeni. Mkono uliochambua mchele miaka thelathini bila kukosa punje ulishindwa na kitu chepesi kuliko andazi. Umeme ulikatika mara moja wakaanza upya. Mara ya pili mstari wa kijani ulianza kutambaa chini ya kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukasimama karibu na mwisho kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukafika.

"Imeandika nini?" Nikodemo aliuliza.

"Imesema imekwisha."

"Hongera, mama. Umeiweka mwenyewe."

Mwanahija aliandika kwenye daftari, chini ya maneno yote: *Imekaa.* Bi Somoe alitaka kupiga kigelegele, akakumbuka ni nyumba ya msiba, akaziba mdomo kwa kanga na kigelegele kikatokea puani.

Kuiweka kulikuwa mlango tu. Kazi ilikuwa ndani.

Programu ilitaka majina, na majina yaliyotumika Kivinje haikuyajua. Tamthilia ya Kituruki yenye nyumba kubwa watu waliiita Mama Mkwe wa Ghorofani. Ile ya Kihindi ilikuwa Kilemba Cheusi. Ile ya Kikorea ilikuwa Mvuvi Kipofu. Mwanahija alipoandika Mama Mkwe, programu ilimletea vipindi arobaini vyenye neno mama, na hata kimoja hakikuwa chake. Akatafuta karatasi za vibali ndani ya sanduku la Issa, akanakili kutoka humo majina ya kweli, marefu, mengine yana vidoti juu ya herufi. Programu ikaitikia. Ikaleta picha ya mama mkwe mwenyewe, amekunja uso.

"Huyooo!" alisema Bi Somoe. "Hata huko ana roho mbaya."

Kisha ikauliza msimu. Issa aliziweka tamthilia zake kwenye folda zilizoandikwa miezi aliyozionesha: Mfungo Sita, Mfungo Saba, Mfungo Nane. Mwanahija alizitazama, akaona jambo limenyooka. Mfungo Sita akaupa msimu wa sita. Mfungo Saba, msimu wa saba. Ilimchukua siku nne za kubonyeza. Mwisho programu ikauliza kama izipe sehemu zote majina mapya na kuziweka mahali pake. Akampigia Nikodemo.

"Misimu umeipanga sawa?" Nikodemo aliuliza.

"Nimeipanga."

"Basi kubali."

Akakubali.

Siku ya tatu baadaye alikuja Agnes. Agnes alikuwa mkulima wa Kikole, Mkristo, mteja wa Issa tangu banda lina paa la makuti. Alileta kibaba cha ufuta na rambirambi za kanisani kwao, akakaa mkekani, akalia kidogo, akafuta macho. Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa flashi, akaitazama kwa aibu.

"Dada, nisamehe. Najua si wakati wake. Ila Kilemba Cheusi, kaka Issa aliniachia pale mjomba anakufa. Nimekaa na kifo kile mwezi mzima."

"Lete," alisema Mwanahija. Agnes alikuwa mteja wake wa kwanza. Akafungua Kilemba Cheusi, akahesabu, akabonyeza sehemu inayofuata.

Walitazama wote watatu. Mjomba alikuwa jikoni, ana afya tele, anakaanga samaki.

Agnes aliinamisha kichwa. "Dada, huyu si amezikwa?"

Wakafungua nyingine. Binti aliyeolewa alikuwa bado anafundwa. Wakafungua nyingine. Mtoto wa miaka kumi alikuwa tumboni.

"Kwetu Kikole," alisema Agnes taratibu, "mtu akizikwa harudi kukaanga."

Bi Somoe aliangua kicheko, Agnes naye akashindwa kujizuia. Mwanahija peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona. Mfungo ni mwezi. Msimu ni fungu la sehemu za tamthilia. Aliifundisha mashine kalenda isiyoijua, nayo ikamtii kwa kila kitu.

Na halafu akaona la pili. Yale majina ya Issa. Kabla ya programu hakuyasoma vizuri, alikuwa ameyaona kama vurugu. Lakini Issa, kila alipoonesha sehemu, aliandika pale penye jina jambo la siku ile. *Kilemba Cheusi, Mfungo Saba, Jumanne, mvua kubwa, watu saba tu.* *Mama Mkwe, Mfungo Nane, Mwanahija anaumwa, nimeuza visheti mwenyewe, vimeungua.* Mawili matatu aliyakumbuka kwa kupita macho. Sasa yalikuwa yamefutika yote, elfu mbili na mia nne na kitu, na mahali pake pamekaa namba.

Bakary alikuja kesho yake. Vicheko vilikuwa vimemfikia, na habari za mjomba aliyefufuka zilikuwa zimefika soko zima.

"Nyumba ya msiba inacheka," alisema kwa pazia.

"Imecheka, shemeji. Ilikuwa imelia sana."

"Na kompyuta umeiharibu. Hata kile kidogo kilichokuwamo sasa hakieleweki. Mimi nilisema nini? Edwin ataikuta makapi."

"Edwin bado hajafika."

"Shemeji, kukaa na mashine edani ni haramu."

Mwanahija alisimama. Bi Somoe alimwona akisogea hadi pua yake ikakaribia kitambaa.

"Nilimtuma mtu kwa mke wa Maalim siku ile ile ya nane," alisema. "Amejibu. Nisitoke pasipo dharura, nisijipambe, nisijitie manukato. Nimeyashika yote, sijaacha hata moja. Kompyuta hakuitaja. Wewe uliyeisoma mahali, nioneshe pameandikwa wapi kwamba mjane asiguse kipanya, nami nitakizika leo uani."

Vidole chini ya pazia viligeuka kuelekea nje.

"Ukitoka, tutaonana," alisema Bakary.

"Nikitoka uje na maswali. Wewe na Edwin wako. Chochote kilichomo humu ulizeni, nikishindwa kimoja chukueni na meza."

Bakary alipoondoka, alikaa chini, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ajili ya visheti vilivyoungua. Kisha akampigia Nikodemo, akamweleza yote.

"Mama," alisema Nikodemo, "subiri nije."

Alikuja, akasimama mahali pake. Alimwongoza kwa sauti hadi ukurasa ambao Mwanahija hakuwahi kuufungua, ambamo programu huandika kila ilichofanya. Upande wa kushoto jina la zamani, upande wa kulia jina jipya. Mstari kwa mstari, yote kama yalivyokuwa.

"Haisahau," alisema Nikodemo nje ya pazia. "Ulifikiri imefuta. Imeyaweka tu pembeni."

Mwanahija alisogeza mshale chini, na Issa akaanza kusema naye. *Jumatano, kumbikumbi wameziba taa.* *Ijumaa, sikufungua, maulidi.* *Jumapili, Bi Somoe kasinzia, kakoroma kuliko filamu.*

"Muongo!" alisema Bi Somoe, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka.

Tangu siku ile nyumba ile ikawa na kazi. Mwanahija alinunua madaftari mawili makubwa akanakili majina ya Issa yote kwa mkono. Kisha wanawake waliokuja kumliwaza hawakukaa tena kuangalia ukuta. Programu ilikuwa na picha ndogo ya kila sehemu, na wao walikuwa na kumbukumbu. Mwanahija alisoma, "Mfungo Saba, Jumanne, mvua kubwa," na mmoja alisema, "Siku ile! Siku ile mke mdogo alichoma barua, mimi nilirudi nimelowa mpaka mifupa." Wakatafuta picha ya barua inayoungua, wakaipata, wakaipa namba yake. Walibishana. Waliapa. Agnes alishuka kutoka Kikole kila siku ya soko akisuluhisha ugomvi wa Kilemba Cheusi, kwa sababu ile hakuna aliyeijua kumzidi. Mjomba akafa tena, safari hii mahali pake, wakamwombea. Mkono wa Mwanahija ukakizoea kipanya. Mshale ukawa unakwenda anakotaka uende, na ikafika siku Nikodemo alipiga simu kuuliza kama anahitaji msaada, akajibiwa kwamba hapana, ila yeye Nikodemo kama kuna anachotaka kujua aulize.

Eda ikatimia mwanzoni mwa Rajabu. Wanawake walimwogesha asubuhi, wakamvika kanga mpya, wakamtia udi. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake aliposikia bajaji inazimwa nje, kisha sauti mbili, kisha kikohozi mara mbili.

Mwanahija aliinuka, akalishika pazia la buluu, akalivuta mwenyewe hadi mwisho wa waya.

Bakary alirudi nyuma hatua moja. Miezi minne alikuwa amesema na kitambaa. Nyuma yake alisimama Edwin, mwanamume mnene mwenye miwani ya jua juu ya kichwa, mkononi ana kamba ya kufungia mzigo.

"Karibuni," alisema Mwanahija. "Mmekuja na maswali?"

Edwin alimtazama Bakary. "Maswali gani, bwana? Mimi nimekuja na bajaji."

"Uliza tamthilia," alisema Bakary kwa kujilazimisha. "Yoyote. Nilimwahidi."

Ahadi hakuwa ametoa. Alikuwa ameondoka tu. Mwanahija aliipokea hivyo hivyo.

Edwin alijikuna shingo. "Haya. Mama Mkwe wa Ghorofani. Mke wangu ameishia pale mzee anaanguka ngazini."

"Ameanguka mara mbili," alisema Mwanahija. "Ya kwanza akiwa na fimbo, au ya pili akiwa hana?"

Edwin aliishika miwani yake kichwani. "Ana... hana. Hana fimbo."

Kipanya kiligongwa mara mbili. Mzee akaporomoka ngazini, mikono mitupu, mama mkwe akiwa juu amekunja uso. Bi Somoe, mkekani, alisema, "Stahili yake," bila kusema ya nani.

Edwin aliuliza nyingine, akapata. Akauliza ya tatu, sasa akiwa ameshusha kamba chini na kuvuta kigoda, na ya nne akaiuliza kwa ajili yake mwenyewe. "Bwana Bakary," alisema mwisho, "mimi nilitaka kompyuta. Hii ina mwenyewe."

Bakary alikuwa bado amesimama mlangoni. Alitazama nje, akatazama ndani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kuliko waliyomzoea nayo:

"Mvuvi Kipofu?"

Wanawake wakageuka. Hakuna aliyewahi kumwona Bakary ndani ya banda. Siku zote alisimama nje, akisema anamsubiri ndugu yake wafunge waende.

"Umeishia wapi, shemeji?" aliuliza Mwanahija.

"Anaingia majini. Kumtafuta mdogo wake."

Mwanahija alifungua. Sehemu arobaini zilijipanga kwenye kioo. Thelathini na tisa zilikuwa na alama ya kijani. Ya arobaini, ya mwisho, ilikuwa ya kijivu.

"Haipo," alisema.

"Umeona!" Bakary aliinua kichwa. "Nilisema nini mimi? Haipo! Edwin, shika kamba."

"Haipo, shemeji," Mwanahija alirudia, wala hakupandisha sauti. "Na ukimuuliza mtu mwingine yeyote, hapa mpaka Lindi, hatakwambia haipo. Atakutafutia mpaka kesho. Mimi najua nilicho nacho na najua nilichokosa. Ya arobaini ilikuwa kwenye diski ya mwezi ule. Issa aliugua, hakwenda kuipokea, basi likairudisha. Ipo kwa msambazaji, inaningoja mimi."

Alipokuwa akisema, mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya daftari, umeufunika mstari mmoja. Aliujua kwa moyo. *Mvuvi Kipofu ya thelathini na tisa, Mfungo Tano, Alhamisi. Kaka amekuja na kiti chake, amekaa nyuma baada ya watu kuondoka. Amelia. Nimejifanya sioni.*

Hakuusoma. Alilifunga daftari, akaliweka chini ya kibodi.

Bakary alikuwa anatazama ile alama ya kijivu. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri ibadilike. Nje, dereva wa bajaji alipiga honi.

"Itakuja lini?" aliuliza.

"Nikifungua banda."

"Shemeji, ghala..."

"Ghala halioneshi Mvuvi Kipofu."

Edwin alikohoa, akachukua kamba yake, akaikunja vizuri, akatoka kwenda kumlipa dereva kwa safari ya bure. Bakary alibaki. Vidole vya miguu yake, ndani ya kandambili, vilijikunja, vikakunjuka.

"Kesho naituma karatasi ya kuagiza diski," alisema Mwanahija. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenye kompyuta, anaizima vizuri ili ibebwe irudi bandani. "Keshokutwa saa kumi jioni nafungua. Na wewe, shemeji, usisimame nje. Njoo na kiti chako, kama kawaida yako."